Mwenye jembe si mwenye hati

WAHENGA walinena kuwa achanikaye kwenye mpini hafi njaa. Ni methali tuliyofundishwa sote shuleni, tukaitungia insha na kupewa alama. Lakini hebu nikuulize, msomaji mpenzi: akichanika kwenye mpini wa jembe ndani ya shamba ambalo kesho ataambiwa si lake, je, hatakufa njaa? Hapo wahenga wetu walinyamaza.

Nauliza hivyo kwa sababu kila mwaka mvua inapokaribia, maafisa wa kilimo, machifu na hata wahubiri hutuhimiza tuutunze udongo. Tuchimbe mitaro, tupande nyasi na miti, tusilime mpaka ukingoni mwa mto. Hayo ni mawaidha mema na sina neno nayo. Kinachonisumbua ni kwamba mmomonyoko wa udongo huzungumzwa kana kwamba huletwa na mambo mawili tu, mvua kubwa na mkulima mvivu. Likishasemwa hilo, kila mtu huenda zake akiwa ameridhika. Hakuna anayeuliza ni nani hasa atakayeuchimba huo mtaro, shamba lenyewe ni la nani, na baada ya miaka kumi atakayekula matunda ya kazi hiyo ni nani.

Mimi naamini kwamba udongo hutunzwa na mtu aliye na hakika kuwa kesho atakuwapo kuulima. Ukimnyima mtu hakika hiyo, hata ukimpa jembe la bure, miche ya nyasi na semina tatu kwa mwaka, unapoteza wakati wako na wake. Ushahidi wangu nitautoa Ukambani, kwa kuwa ndiko kwetu, na kwa kuwa huko jambo hili limejaribiwa kwa miaka mingi, kwa nguvu na kwa hiari.

Ng'ombe wa Muindi Mbingu

Ukiwa katikati ya jiji la Nairobi, ukapita mbele ya City Market, barabara unayoikanyaga inaitwa Muindi Mbingu. Wengi hupita hapo kununua nyama na maua bila kumjua huyo aliyepewa barabara.

Katika miaka ya 1930 milima ya Machakos ilikuwa imechakaa. Wageni waliopita huko waliandika juu ya mashamba mekundu yaliyobaki mifupa, makorongo kila upande na watu waliokuwa wakiishi kwa chakula cha msaada kila mvua ilipokosekana. Serikali ya kikoloni ilitazama hali hiyo ikasema kuwa Wakamba wana ng'ombe wengi kupita kiasi. Hivyo mwaka 1938 ikaamuru ng'ombe wapunguzwe kwa lazima. Walikusanywa, wakapigwa mnada kwa bei ya kutupa, huku kiwanda cha nyama cha Liebig's pale Athi River kikihitaji ng'ombe wa kuchinja.

Mnamo Julai mwaka huo, Samuel Muindi Mbingu aliwaongoza Wakamba kwa mamia na mamia, wanaume, wanawake na watoto, wakatembea kwa miguu hadi Nairobi kumwona Gavana. Walikaa huko kwa majuma kadhaa wakidai ng'ombe wao. Muindi alikamatwa na kupelekwa kifungoni Lamu. Hata hivyo, kabla ya mwaka huo kwisha, ule mnada wa lazima ulikuwa umesimamishwa.

Sasa nisikilize vizuri, ndugu msomaji. Serikali ile haikusema uongo iliposema udongo unakwisha. Udongo ulikuwa ukiisha kweli. Ila haikutaka kueleza kwa nini ng'ombe wale walikuwa wamesongamana mahali pamoja. Milima ya Mua, ambako Wakamba walikuwa wakilisha na kulima, ilikuwa imetwaliwa na walowezi. Mbuga za malisho zilikuwa zimewekewa mipaka. Katika nchi nzima, eneo la takriban ekari milioni 7 lilikuwa limetengwa kwa walowezi wa Kizungu wa elfu chache tu, likaitwa Nyanda za Juu za Wazungu. Mwafrika alibanwa ndani ya hifadhi yake, akazaa, akafuga, kisha akalaumiwa kwa kuichosha ardhi aliyobanwa juu yake. Mwenye kidogo ndiye aliyeambiwa apunguze.

Mitaro ya amri

Baada ya Vita Vikuu vya Pili ikaja zamu ya mitaro. Watu waliamrishwa kutoka siku maalumu kila juma kwenda kuchimba, chini ya usimamizi wa chifu na askari wake. Asiyetokea alitozwa faini au kupelekwa mahakamani.

Susu, yaani nyanya yangu mzaa baba, alikuwa msichana wakati huo. Alituhadithia kuwa filimbi ya chifu ilipolia alfajiri, mama yake aliacha uji mekoni na mtoto akilia. Walichimba matuta membamba ambayo mvua ya kwanza kubwa iliyabomoa, wakaamrishwa kuyachimba upya. Hakuna aliyewauliza maji hupitia wapi, ingawa wao ndio walioyaona yakipita maisha yao yote. Susu alikuwa akisema, "Tulichimba kwa mikono, mioyo tukaiacha nyumbani."

Wakikuyu wa Murang'a nao walikuwa na mitaro yao ya amri, na huko waliotumwa kuichimba walikuwa hasa kina mama. Mwaka 1947 mkutano mkubwa wa hadhara uliazimia kwamba wanawake wasiichimbe tena. Mwaka 1948 kina mama wenyewe waliingia barabarani kwa umati, wakaandamana wakiimba na kucheza hadi makao ya serikali kusema hawatachimba. Kuna waliokamatwa. Wanahistoria huyahesabu maandamano hayo miongoni mwa cheche za harakati zilizokuja kuiwasha nchi miaka michache baadaye.

Je, kina mama wale waliuchukia udongo? La hasha! Walichokataa ni kufanyishwa kazi ya shokoa kwa jina la udongo huku ardhi nzuri ikiwa mikononi mwa wengine.

Mabadiliko ya ajabu

Ajabu ni kwamba milima ile ile ya Machakos, iliyokatiwa tamaa, leo imepambwa kwa matuta tangu kileleni hadi bondeni. Ukisafiri kutoka Machakos kuelekea Kangundo au Mbooni utaona mashamba yaliyopangwa kama ngazi, kila ngazi na mstari wake wa nyasi.

Mwaka 1994 watafiti watatu, Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki, walichapisha kitabu kuhusu mabadiliko hayo. Walikiita More People, Less Erosion, maana yake watu wengi zaidi, mmomonyoko mdogo zaidi. Walionyesha kwamba wakazi wa wilaya ya zamani ya Machakos, wakati huo ikiwa pamoja na Makueni, waliongezeka kutoka takriban 240,000 mwaka 1932 hadi takriban milioni 1.4 mwaka 1989, na bado mashamba yakawa katika hali bora kuliko zamani. Waliotabiri kuwa wingi wa watu ungeifanya Ukambani jangwa walibaki wakishika vichwa.

Siri yake ilikuwa nini? Haikuwa moja. Katika miaka ya 1950 Waafrika waliruhusiwa kupanda kahawa, na kahawa haikupandwa kwenye mteremko mtupu, ilitaka matuta. Mipaka ya mashamba ikatambuliwa, mtu akajua kuwa kuanzia mti ule hadi jiwe lile ni pake. Soko la Nairobi likawa karibu, watu wakauza matunda na mboga. Walioajiriwa mjini wakatuma fedha nyumbani. Na kazi ya kuchimba ikarudishwa mikononi mwa mwethya, ule ushirika wetu wa jadi ambapo majirani hulima kwa zamu, leo kwako, kesho kwangu.

Mtaro walioupenda wakulima umejulikana dunia nzima kwa jina lake la Kiswahili, fanya juu. Kwanza hupimwa mstari unaolingana kuukata mteremko, kwa kamba na pima maji ya fundi. Kisha huchimbwa mtaro wa futi 2 kwenda chini na futi 2 upana. Udongo unaotoka hutupwa upande wa juu wa mteremko, ndiyo maana ikaitwa fanya juu, na ndiyo maana viuno huuma. Kutupa udongo chini ni rahisi, lakini kuutupa juu huleta faida: huwa tuta linalozuia maji na udongo. Msimu baada ya msimu udongo hujikusanya nyuma ya tuta, mpaka mteremko hugeuka ngazi tambarare. Juu ya tuta hupandwa nyasi za nepia za kulisha ng'ombe, na ndani ya mtaro huweza kupandwa ndizi au mipapai inayokunywa maji yaliyokusanyika.

Kazi hiyo haina malipo ya leo. Unachimba mwaka huu, unafaidika mwaka wa tatu au wa nne. Nani anayeweza kujitolea hivyo isipokuwa mtu mwenye hakika?

Lakini habari hiyo njema ina upande wa pili. Mwaka 1999 mtafiti John Murton aliandika kuhusu Mbooni akaonyesha kuwa maendeleo hayakuwafikia wote kwa kipimo kimoja. Familia zilizokuwa na mtu mwenye mshahara ziliweza kununua ardhi, mbolea na nguvu za vibarua. Familia zisizokuwa na mtu huyo zilibaki na vishamba vidogo vinavyozidi kuchoka. Kumbe hata kwenye mlima mmoja, kuna udongo wa tajiri na udongo wa maskini.

Shamba la shangazi

Kuna mgawanyiko mwingine ulio ndani ya nyumba zetu wenyewe. Hapa naomba nikupeleke kwa shangazi yangu, dada wa baba.

Shangazi aliolewa ng'ambo ya mlima wa pili kutoka kwetu. Mumewe alikuwa mfanyakazi wa bandari Mombasa, akija nyumbani Krismasi na mara nyingine Pasaka. Mwaka 1984 ukame mkubwa uliikumba nchi. Ukambani njaa ile iliitwa nikw'a ngwete, yaani nitakufa nikiwa nazo, kwa sababu hata aliyekuwa na fedha hakupata chakula cha kununua. Shangazi aliapa kuwa mvua ikirudi, hakuna tone litakaloondoka shambani mwake bila ruhusa.

Yeye na wanawake wenzake wakaunda mwethya. Walichimba miezi ya kiangazi, Julai hadi Septemba, kabla ya mvua za mwisho wa mwaka ambazo ndizo tegemeo letu. Kila mmoja alileta jembe lake na kikombe chake, mwenye shamba akapika uji. Mweka hazina aliandika kwenye daftari tarehe, shamba la nani na nani aliyefika. Waliendelea hivyo mwaka baada ya mwaka. Mvua ya El Nino ya 1997 ilibomoa matuta manne ya shangazi, naye akayajenga tena. Shamba la ekari 3 likawa na ngazi kumi na moja, maembe pembeni na nepia ya kutosha ng'ombe wawili. Watoto wake walisoma kwa maziwa na maembe ya matuta hayo.

Mume wake akafariki mwaka 2006. Hata matanga hayajapoa, mashemeji wawili wakatokea na mazungumzo ya shamba. Hati, msomaji wangu, ilikuwa bado kwa jina la baba mkwe, mzee aliyefariki zamani na urithi wake haujagawanywa kamwe. Shangazi alikuwa amechimba miaka zaidi ya ishirini katika ardhi ya marehemu.

Kesi ikaenda kwa wazee wa ukoo, ikaenda kwa chifu, ikarudi kwa wazee. Mwishowe shangazi aliachiwa nusu ya chini. Nusu ya juu, pamoja na ngazi sita alizozichimba, iliuzwa kupitia kwa dalali kwa bwana mmoja wa mjini ambaye hata leo hajalala huko usiku mmoja. Bwana huyo hulikodisha shamba kwa msimu, mwaka huu huyu, mwaka ujao yule. Mpangaji wa msimu mmoja hana sababu ya kuzoa mchanga uliojaza mtaro. Nepia ilikatwa ikauzwa, haikupandwa tena. Mifugo ikapita juu ya matuta mpaka yakaota njia.

Msimu wa tatu maji yalikata tuta la kwanza, la kwanza likabomoa la pili, na yote kwa pamoja yakashuka kwa shangazi. Maji hayasomi hati wala hayajui ukoo uliamua nini. Leo pana korongo linaloanzia kwa bwana wa mjini na kukata shamba la shangazi katikati, na mtoto wa darasa la tano akisimama ndani yake huonekana kichwa tu. Shangazi bado hulijaza mawe na kupanda mkonge ukingoni, lakini chanzo cha maji kiko juu, mahali ambapo jembe lake halina ruhusa kufika.

Afisa wa kilimo aliyepita hapo angeandika katika ripoti yake kuwa korongo limetokana na mvua kubwa. Mimi nililiona likianza siku wazee walipokaa chini ya mwembe na kuamua kuwa miaka ishirini ya jasho la mwanamke haihesabiki.

Hati zilivyoandikwa

Wala usidhani kuwa hayo ni matatizo ya ukoo mmoja mkorofi. Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954, ambao ndio uliofungua mlango wa kupima mashamba ya Waafrika na kutoa hatimiliki za kibinafsi, uliandikisha ardhi kwa jina la mkuu wa boma. Mkuu wa boma alikuwa mwanamume. Kwa mila, mke alikuwa na sehemu yake ya kulima ambayo haikuchukuliwa ovyo. Karatasi ilipokuja, sehemu hiyo haikuandikwa popote. Wanaume wakaenda mjini kutafuta mishahara, wanawake wakabaki na jembe, na hati ikabaki sandukuni kwa jina la asiyekuwapo.

Matokeo yake ni kwamba anayeujua udongo, anayejua ni wapi maji hukusanyika na ni wapi mahindi hugeuka manjano mapema, hana kauli juu yake. Hawezi kukopa fedha za kununua samadi kwa sababu hana dhamana. Hawezi kupanda miti ya mbao kwa sababu, kwa desturi za kwetu, kupanda mti ni kudai ardhi.

Mpangaji naye yumo katika mashua hiyo hiyo. Kijana asiye na shamba hukodisha ekari moja kwa msimu. Mwenyewe anaweza kumfukuza mavuno yakiisha, hasa akiona shamba limependeza. Kijana huyo hulima mpaka ukingo wa mto na hatii mbolea ya kudumu. Tusimwite mharibifu. Anapiga hesabu kama mtu yeyote mwenye akili timamu ambavyo angepiga.

Wewe unayekaa mjini

Labda wewe unaisoma makala hii ukiwa Nairobi, Embakasi au Lang'ata, unajiambia kuwa mambo ya mitaro ni ya watu wa mashambani. Fungua bomba. Sehemu kubwa kabisa ya maji ya Nairobi hutoka katika mito ya vilima vya Aberdare, kwenye bonde la juu la Mto Tana, yakipitia bwawa la Ndakaini. Maji hayo hupita katika mashamba madogo madogo ya Murang'a na majirani zake. Mashamba hayo yakimomonyoka, matope hujaza mabwawa, maji husafishwa kwa gharama zaidi, na bwawa la Masinga, lililokamilika mwaka 1981 kwa ajili ya umeme, hujaa udongo ambao ulipaswa kuwa ukiotesha mahindi mlimani.

Mwaka 2015 ulizinduliwa Mfuko wa Maji wa Upper Tana na Nairobi kwa hesabu rahisi: ni nafuu kumsaidia mkulima wa juu auzuie udongo kuliko kuutoa majini ukishafika. Wakulima wakasaidiwa kuchimba matuta, kupanda nyasi na kutengeneza visima vya kukusanya maji ya mvua. Huo ni mwanzo mzuri. Kwa miaka mingi mama wa mlimani amekuwa akiinama kuzuia udongo, na mtu wa mjini akioga maji masafi bila kumlipa hata asante.

Yaliyo mikononi mwetu

Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 60, imeorodhesha misingi ya kutumia ardhi ya Kenya. Orodha hiyo ina kupata ardhi kwa usawa, ina usalama wa haki za ardhi, ina kuhifadhi ardhi, na ina kuondoa ubaguzi wa kijinsia katika sheria na mila zinazohusu ardhi. Nimefurahi kuona mambo hayo yamewekwa sahani moja, kwa maana hayawezi kutenganishwa.

Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 ilikwenda mbali zaidi. Inasema mali ya ndoa isiuzwe bila ridhaa ya mume na mke. Tena inapoeleza mchango wa mtu katika mali hiyo, haihesabu fedha peke yake. Inataja kazi za nyumbani, malezi ya watoto, na kwa maneno yaliyo wazi, inataja kazi ya shambani. Mtaro, msomaji mpenzi, ni mchango. Hata hivyo Mahakama ya Juu iliamua mwaka 2023 kuwa mgawanyo si nusu kwa nusu moja kwa moja, na kila mmoja anapaswa kuthibitisha alichochangia. Kwa hiyo dada yangu, lile daftari la mwethya lisiachwe kwa panya. Tarehe na majina yaliyomo ndani yake yanaweza kuwa ushahidi wako. Weka pia risiti za miche na za vibarua.

Na sheria peke yake haitoshi, kwa sababu haimfikii mama ambaye hati ya shamba lake bado ina jina la mtu aliyezikwa. Wazee wangu, kaeni chini mgawe urithi mkingali hai au mkamilishe wa waliotangulia. Ninajua gharama na safari za ofisini zinachosha, lakini usipoziba ufa utajenga ukuta. Waume, mkinunua ardhi, andikisheni majina mawili. Jina la mke wako halipunguzi hata futi moja ya shamba.

Nawe uliye mjini, uliyenunua ekari mbili kijijini ukisubiri zipande bei, kumbuka kwamba umenunua pamoja na mitaro na majirani walioko chini yake. Ukikodisha, mpe mpangaji miaka minne au mitano kwa maandishi, na katika maandishi hayo weka sharti la kutunza matuta, mkipunguziana kodi kwa kazi hiyo. Ukiona hilo ni gumu, lipa mwethya wa hapo jirani wazoe mitaro kila kiangazi. Fedha utakazotoa hazifiki bei ya tairi za gari lako.

Udongo wa juu, ule mweusi wenye rutuba, huchukua mamia ya miaka kujitengeneza kwa kina cha inchi moja. Mvua ya alasiri moja inaweza kuuondoa. Hatuna nafasi ya kurudia makosa ya filimbi ya chifu, ya kumwamuru mnyonge autunze udongo kwa niaba ya watu ambao hata hawamtambui kuwa na sehemu ndani yake.

Leo ni Jumapili, na pengine familia imekusanyika. Baada ya chakula, uliza hati ya shamba iko wapi na imeandikwa jina la nani. Kisha uliza ni nani aliyelilima shamba hilo msimu uliopita. Majina hayo mawili yakiwa tofauti, mnayo kazi ya kufanya kabla ya mvua kunyesha.